Kaburi la Kuazima

Hebu mwone kwanza anavyofika. Gari dogo la kijivu limesimama mbele ya kanisa la mawe, juu ya kilima, katika kijiji kinachoitwa Monsela, ndani kabisa ya Ufaransa, kule ambako hata Wafaransa wa mjini hawaendi. Mlango wa gari unafunguliwa. Unatoka mguu mmoja wenye raba na soksi nene, halafu wa pili, halafu anasimama mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, amevaa sweta mbili moja juu ya nyingine, na juu ya sketi amejifunga kitenge barabara, fundo mbele, kama mtu anayekwenda kufanya kazi. Upepo unampiga. Yeye haushangai, maana hata kwao kuna upepo. Anautazama mlango wa kanisa. Hapo wamesimama wazee, wengi wao wanawake, wamevaa makoti, mikono wameishika mbele. Wanamsubiri yeye.

Huyo ndiye Hellena wa Izia, Sumbawanga. Amekuja kwa ajili ya mdogo wake, Padri Zenon, aliyefariki katika kijiji hicho mwezi wa pili, na sasa ni mwezi wa nne.

Ngoja kidogo, tusiende mbio. Kwetu Ufipa msiba haufikiwi kimya. Ukishaiona nyumba yenye msiba, ukiwa bado uko barabarani, unaanza kulia kwa sauti. Unamtaja marehemu kwa jina, unamwuliza mbona hatoki kukupokea. Waliokaa ndani wakikusikia nao wanapandisha kilio kukujibu, na vilio hivyo viwili vinakutana mlangoni. Hapo ndipo unashikwa mkono, unaingizwa, unakaa chini. Mtu akifika kimya watu wanatazamana.

Hellena alikuwa ameitunza sauti yake kwa ajili ya mlango ule. Nyumbani habari zilipofika alilia, ndiyo, lakini alilia kidogo, kama mtu anayekula kidogo kwa kuwa anajua bado kuna kwingine anakokwenda kula. Basi pale Monsela, alipoona kanisa na watu wamejipanga, akaachia.

"Zenoooni! Zenoni mdogo wangu! Nimefika, mbona hutoki kunipokea? Nani atanipokea mimi, Zenoni!"

Wale wazee walirudi nyuma kwa pamoja. Halafu wote wakamkimbilia. Mmoja alileta kiti kutoka nyumba ya jirani, mwingine maji, mwingine alipiga simu huku mkono mmoja umeziba sikio. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, alikuja na kipimo cha presha. Walimkalisha Hellena, wakamvua sweta moja, ikabidi wamvue na ya pili, wakamfunga mkono. Na Sista Agnesi, mtawa wa kutoka Namanyere anayeishi katika mji wa jirani na aliyekuwa amekuja kumtafsiria, alizunguka katikati yao akieleza kwa Kifaransa. Lakini angeeleza nini? Walikuwa wema, na walikuwa na haraka ya wema wao.

Kipimo kikalia pii. Watu wakashusha pumzi.

"Presha yako ni nzuri, Dada Hellena," Sista Agnesi alisema, hajui atazame wapi. "Wanasema ni ya msichana."

Kilio kiliishia hapo. Hellena mwenyewe husimulia kwamba kilikatika kama maji ya bomba yanavyokatika: unafungua, unasikia hewa tu. Alirudishiwa sweta zake, akazivaa, akasema ahsante.

Sasa umjue mwenyewe. Hellena alizaliwa katika kijiji kimojawapo cha nyanda za juu za Ufipa, familia ya mahindi na ulezi na misa ya Jumapili, watoto wawili tu waliobaki hai. Mama yao alipofariki, Zenon alikuwa bado ananyonya. Hellena aliacha shule akiwa na umri wa kucheza rede, akambeba. Alimwogesha, alimpikia uji wa ulezi, alimbeba mgongoni kwenda shambani na kumlaza kwenye tuta lenye kivuli. Zenon alipoanza kusema, neno lake la kwanza lilikuwa "Dada", na hakuwa na mwingine wa kumwita mama. Baadaye Hellena aliolewa na Isdori, mtu mpole mwenye maneno machache, wakahamia Izia, wakapata nyumba na shamba la pembeni ya mji. Zenon alipokwenda seminari, sanduku lake lilitoka nyumba ya Hellena. Alipopewa upadri, aliyemvisha kitenge begani mbele ya watu ni Hellena. Na askofu alipomruhusu kwenda kusaidia Ufaransa, ambako mapadri wamekwisha, aliaga akicheka: "Dada, zamani wao walituletea mapadri. Sasa zamu yetu kurudisha vyombo."

Alikaa miaka saba. Mwaka huu, Jumapili moja ya baridi, alimaliza misa, akavua mavazi, akayakunja vizuri, akaketi kwenye kiti cha sakristia. Mzee Rene, mfugaji aliyekuwa akimsaidia kufunga milango, alimkuta hivyo. Moyo ulikuwa umesimama.

Izia kikakaliwa kikao. Baba mkubwa Yohanes, kaka wa baba yao, ndiye mzee wa ukoo. Alisema maneno machache. Gharama zilikuwa zinabebwa na jimbo la huko, kwa namna yoyote ndugu watakayoichagua; wanachotaka wale ni neno la familia tu. Basi neno ni hili: mtoto aletwe. Na aende Hellena kumleta, kwa kuwa ndiye aliyemlea. Jamvi la msiba lilitandikwa sebuleni kwa Hellena. Baba mkubwa akasema halianuliwi mpaka Zenon alale ardhini.

Ndiyo maana, siku ile ya presha, baada ya kuinuka kwenye kiti, swali la kwanza la Hellena lilikuwa, "Yuko wapi?"

Walimpeleka nyuma ya kanisa. Makaburi yalikuwa ya mawe, yamesongamana. Kwenye kona palikuwa na kijumba cha saruji chenye mlango wa chuma, hakina jina.

"Yumo humu," Sista Agnesi alisema. "Hiki ni cha kijiji. Mtu ambaye mahali pake hapajajulikana wanamweka humu kwanza."

"Kwa hiyo hajazikwa?"

Sista alimwuliza mzee Rene. Mzee Rene akavua kofia, akajibu kwa kirefu.

"Anasema wamemwazima mahali," Sista alisema. "Mpaka ndugu waseme."

Hellena aliweka kiganja kwenye mlango wa chuma. Ulikuwa wa baridi. Alitazama mkono wake ukiwa pale juu ya chuma, akausubiri umwambie kitu. Halafu akauondoa.

Jibu alitakiwa alitoe mwisho wa juma, kabla ya safari ya kurudi. Yeye alikuwa nalo tayari. Alilibeba kutoka Izia. Lakini Padri mzee wa eneo lile alikuwa mgonjwa siku hizo, na karatasi hazisainiwi bila yeye. Basi wazee wa Monsela wakasema: katika kungoja, Mama aonyeshwe vijiji vya Padri.

"Vijiji gani?" Hellena aliuliza.

"Vigango vyake, Dada. Alikuwa na makanisa zaidi ya ishirini."

"Peke yake?"

"Peke yake na gari bovu. Na usinikatalie kushuka hata kimoja, watanuna. Kila mwenye ufunguo ameoka keki."

Hilo la funguo ndilo unapaswa kulielewa. Katika vijiji vile kanisa lina miaka mia nane, mia tisa, kuta nene kama tembo, na waumini wake unaweza kuwapakia kwenye gari moja. Padri akifika ni mara moja baada ya wiki kadhaa. Siku zilizobaki mlango umefungwa, na ufunguo, wa chuma, mrefu kama mwiko wa ugali, anakaa nao bibi mmoja wa nyumba ya karibu. Ukitaka kuingia unagonga kwake. Hellena alizoea vigango vya kwetu, ambako watu wanabanana mpaka dirishani na kanisa lenyewe bado halina bati upande mmoja. Huku alikuta vigango vyenye kila kitu isipokuwa watu.

Wakaanza kuzunguka, mzee Rene kwenye usukani, Sista mbele, Hellena nyuma na kitenge chake kiunoni. Nchi ilikuwa ya nyanda za juu, majani mafupi, mawe, miti michache, mawingu yanakimbia. Angekuwa na moyo wa kulinganisha angesema ni njia ya kwenda Namanyere, ila imepigwa pasi. Hakulinganisha. Alitazama kama mtu anavyotazama ukuta wa hospitali.

Kijiji cha kwanza: nyumba za mawe zimeshikana, madirisha yamefungwa kwa mbao, paka mmoja. Bibi mwenye ufunguo akafungua. Ndani juu ya nguzo palichongwa watu wa mawe, wengine wana mikia, mmoja anajivuta mdomo kwa vidole viwili. Hellena akaonyeshwa. Akatikisa kichwa. Akala keki.

Kijiji cha pili, kanisa jingine, picha ya ukutani iliyofutika, amebaki farasi bila mpandaji. Keki. Cha tatu, kengele ambayo Padri alipenda kuivuta mwenyewe mpaka anainuliwa miguu. Yule bibi alionyesha kwa kuruka kidogo, na umri wake, jinsi Padri alivyokuwa akinyanyuka. Sista Agnesi alicheka mpaka akafuta machozi. Hellena alitazama kamba ikining'inia.

Walipoletewa jibini lenye ukungu wa bluu, Sista akamnong'oneza, "Usilinuse, Dada. Litie tu mdomoni, umeze, uombe."

Hellena alilinusa, akalila lote. Halikumwambia kitu.

Katika kanisa moja kubwa kuliko mengine walimpeleka pembeni, na hapo akamkuta mtu amelala chali juu ya jeneza la jiwe, viganja vimekutana kifuani, upanga ubavuni, naye mwenyewe ni jiwe. Miguuni pake amelala mbwa mdogo wa jiwe. Hellena, bila kufikiri, akapiga magoti na kupiga makofi ya taratibu, viganja vimepinda, kama tunavyomsalimu mtu mkubwa. Wazee wakasogea kumpisha. Akainuka.

"Huyu amelala hapa tangu lini?"

"Miaka mia saba," Sista alisema. "Alikuwa bwana wa ngome ile ya juu."

"Na nani anakaa naye?"

"Hakuna, Dada. Labda huyo mbwa."

"Angalau mbwa," Hellena alisema.

Kwenye ngome yenyewe, mama mmoja mwenye skafu nyekundu alikuwa amejiandaa. Aliongoza njia kwenye ngazi zinazojizungusha, akasema mengi, mikono inaruka. Nje ng'ombe wa mzee Rene walikuwa wanajikuna kwenye ukuta wa mnara, na hilo Hellena aliliona vizuri kuliko vyote, kwa sababu hata kwetu yale matanuri marefu ya udongo ya wafua chuma wa zamani, yaliyobaki porini, kazi yake siku hizi ni kukuna ng'ombe.

"Anasema mfungwa walimshusha kwenye shimo hili, na chakula wakamshushia kwa kamba."

"Sawa."

"Anasema maadui walikaa nje ya ukuta mwaka mzima, wakashindwa kuingia."

"Sawa."

"Dada, tafadhali, sema na neno jingine. Wanadhani natafsiri vibaya."

"Waambie ni mrefu."

Sista akatafsiri. Yule mama alifurahi sana, akautazama mnara kama aliujenga yeye. Mzee Rene naye akaona ni nafasi yake, akauliza kama Ufipa kuna ng'ombe.

"Mwambie wapo," Hellena alisema. "Majirani zetu Wasukuma, mtu mmoja ana ng'ombe wengi kuliko watu wa kijiji hiki."

Mzee Rene alisikiliza, akacheka bila sauti. "Anasema hata yeye," Sista alisema. "Hata yeye ana ng'ombe wengi kuliko watu wa kijiji hiki."

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Usifikiri alikuwa amekasirika. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, unaubeba, unautembelea, lakini ukiufinya unamfinya mtu mwingine. Usiku alilala vizuri, na hilo lilimtisha kidogo.

Siku ya mwisho kabla ya jibu, Odeti alimwita nyumba ya mapadri. Odeti ndiye mwenye ufunguo wa kanisa la Monsela, bibi aliyepita themanini, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, anayekaa ng'ambo ya barabara. Alifungua chumba cha wageni cha Zenon. Mlangoni palining'inia koti lake la baridi. Katikati ya chumba palikuwa na viti vimepangwa duara. Havikufanana hata viwili: cha jikoni, cha kusukwa kwa majani, cha bustani cha plastiki, kimoja chenye mto wa kushonwa kwa mkono.

"Hivi vyote vya Zenon?" Hellena aliuliza.

Odeti alikaa kwanza. Halafu akasimulia, na Sista akafuata nyuma yake polepole.

"Mume wangu alifariki mwaka wa pili tangu Padri afike. Sisi huku tukizika, tumezika. Kahawa kidogo, kila mtu kwake. Jioni ile Padri akagonga. Nikampa kahawa, akanywa. Nikasubiri aondoke. Hakuondoka. Nikasema labda anataka keki, nikampa keki. Akala. Hakuondoka! Nikamwuliza, Padri, kuna kitu umesahau? Akasema hapana, nimekuja kukaa."

"Akakaa?" Hellena aliuliza.

"Mpaka giza. Hasemi neno, anatazama sakafu. Kesho yake akaja tena. Nikamwambia dada yangu kwa simu, huyu padri ana tatizo. Siku ya tatu nikakaa mbele yake hivi, nikalia. Sikuwa nimelia. Miaka hamsini ya ndoa, na sikuwa nimelia mpaka huyu kijana alipokuja kutazama sakafu yangu."

Akapapasa mto wa kiti.

"Baada yangu akafanya hivyo kwa kila nyumba. Tukamzoea. Mtu akifariki tunasema, safisheni sebule, Padri anakuja kukaa. Sasa alipofariki yeye." Odeti alionyesha viti kwa kidevu. "Kila mwenye ufunguo alikuja na kiti chake. Tukakaa siku tatu. Hatukujua mkishakaa mnafanya nini, hakutuambia. Tulitazama sakafu. Rene alilala usingizi, alikoroma. Nataka kukuuliza wewe, dada yake. Tulifanya sawa?"

Hellena alivitazama vile viti kimoja kimoja.

"Mwambie walifanya sawa," alisema. Halafu, kwa kuwa alilelewa kusema kweli, akaongeza, "Ila sisi tunakaa chini."

Odeti alitafsiriwa, akayatazama magoti yake. "Mimi nikikaa chini," alisema, "mtanizika hapohapo."

Sista Agnesi alicheka, Odeti akacheka. Hellena alichagua kiti cha kusukwa, akaketi. Baada ya muda mzee Rene akaingia, akaketi chake, na yule mama wa skafu nyekundu, na wengine, mpaka duara likajaa. Hellena alitazama sakafu. Alikuwa anangoja. Alijua kabisa anangoja nini, na wenzake nao walijua. Kengele ya saa ikagonga kanisani. Ikagonga tena. Kilio hakikuja. Mwisho akainuka, akawashika mikono wote mmoja mmoja.

Asubuhi Padri mzee alikuja na karatasi, amejifunga skafu nzito shingoni. Akauliza neno la familia.

"Azikwe hapa," Hellena alisema.

Sista Agnesi aligeuka. "Dada. Nitafsiri hivyo?"

"Tafsiri."

Mwenyewe anasema alishangaa kusikia sauti yake. Alimfikiria baba mkubwa, akaliona lile jamvi la sebuleni. Lakini aliviona na viti, akajiuliza: nikiwachukulia huyu, watabaki wanamkalia nani? Hakuwa na sababu nyingine. Na sababu hiyo, angeambiwa aitetee mbele ya ukoo, alijua haina miguu.

Walimzika mchana uleule, kaburi lilichimbwa karibu na mapadri wa zamani wa kijiji. Mlango wa chuma ukafunguliwa, jeneza likatoka, likabebwa hatua chache tu, likashushwa. Hellena alitupa udongo. Ulikuwa mweusi, wenye mawe. Kisha watu wakasimama, hawaondoki.

Kumbe Sista Agnesi alikuwa amewaeleza usiku wa jana yake. Aliwaeleza siku ile ya kwanza ilikuwa nini, kwamba mama yule hakuwa mgonjwa, kwamba alikuwa anabisha hodi na ilitakiwa wamjibu. Walikuwa wameona aibu sana. Sasa walisimama kulizunguka kaburi, vibibi vya makoti, midomo imelegea, macho kwa Hellena. Walikuwa tayari. Angeanza tu, wangejibu.

Hellena alifungua mdomo. Alivuta pumzi, akaita, "Zenoni." Lilitoka kama mtu anayeita mtoto aje kula. Ukafuata mvuke wa baridi, halafu hakuna kitu. Alibaki hivyo, mdomo wazi, nao wakabaki hivyo. Odeti alikuja akamfunga kifungo cha sweta.

Izia walimwona tangu kona ya barabara. Wanawake waliokuwa uani wakaanza kulia kumpokea, kwa nguvu, wakijua anakuja na mtu au na habari ya mtu. Hellena alipita katikati ya kilio hicho kimya, amevaa koti la Zenon ambalo Odeti alimvisha uwanja wa ndege, akaingia, akakaa kwenye jamvi. Vilio vikapungua kimoja kimoja, kwa kukosa pa kwenda.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nimemwacha. Amezikwa."

Mzee Yohanes aliilaza fimbo yake chini. Isdori alitoka kwenda kutazama kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

"Tumekutuma ukalete mtu," mzee alisema, "umerudi na koti."

"Ndiyo, baba."

"Zuri lakini. Lina kofia." Alilitazama koti kwa dharau. "Huko ulikomwacha, umemwacha na nani? Nani anamjua? Nani atakaa naye?"

Hellena akamweleza habari za viti. Alizieleza vibaya, bila kupandisha sauti, kama anasoma tangazo.

"Viti!" mzee alisema. "Wazungu wamekaa msiba kwenye viti."

"Siku tatu. Mmoja alilala usingizi, akakoroma."

"Alikoroma?"

"Nimeambiwa."

Mzee Yohanes alikuna kidevu. "Hata ndugu yetu Marselino alikoroma kwenye msiba wa baba yako," alisema. Mtu mmoja pale ukutani akaguna kicheko, akakimeza. Kwa muda mfupi ilikuwa kama mambo yatalainika. Halafu mzee akamtazama Hellena usoni, uso mkavu, na yeye akakaza wake.

"Sikia, mwanangu. La kuzikwa limekwisha, siwezi kumfukua. Lakini nimekuona unaingia hapa bila chozi. Mtoto uliyembeba mgongoni. Watu wamekuona. Watasema umemwuza kwa Wazungu. Mimi sisemi hivyo. Nasema jamvi hili mimi siliinui. Siku utakayomlilia mdogo wako, nije tulianue pamoja. Kabla ya hapo, msiba huu bado unafika."

Akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Hayo yalikuwa mwezi wa tano. Sasa mahindi yamevunwa, na asubuhi za baridi Isdori huvaa lile koti kwenda shambani, kwa kuwa ni zito na halipiti upepo. Hellena alimruhusu bila maneno. Anafanya kazi zake zote. Anapalilia, anakoboa, anakwenda jumuiya siku ya zamu. Ukimtembelea atakukaribisha vizuri, ila utavua viatu na kuzunguka pembeni, maana jamvi bado liko katikati ya sebule.

Jumapili alasiri simu yake hulia. Ni Odeti, kwa video, amefundishwa na mjukuu. Hawaelewani neno. Odeti huonyesha kaburi, maua yaliyopo, kisha hujirudisha nyumbani kwa miguu yake taratibu, picha inayumba, anafika, anakaa kwenye kiti. Hellena huegemeza simu kwenye birika, anakaa chini kwenye jamvi, miguu ameinyoosha. Mmoja anatazama sakafu ya mawe, mwingine anatazama ya saruji. Wanakaa hivyo mpaka bando linakwisha. Odeti bado anasubiri kujibu. Majirani wa Izia bado wanasubiri kujibu. Hellena mwenyewe hufungua mdomo kidogo kila mara, anasikia hewa, anaufunga.

Kilio kile kilichokatwa mlangoni, kama angekuwa dada yako, ungempeleka wapi akakimalizie?